Bastola ndogo ya kutembea nayo kila siku: maswali yenu ya Mwanza na kanda ya ziwa

Mwangaluka wote. Maswali ya bastola yamekuwa mengi kwa hiyo leo nayajibu kwa mkupuo, ila naongea na wale wenye leseni au wanaofuata taratibu. Kama huna, safari inaanzia serikali ya mtaa wako, inapanda kata, inaenda kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya mpaka mkoani, na sheria yenyewe ni ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mtu akikwambia ana njia ya mkato achana nae haraka sana.

Kaka, nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Leseni ninayo, nachagua kati ya Glock 19 na Glock 26. Jamaa zangu wanasema 26 ndo ya kuficha, we unasemaje?

Jamaa zako wako sahihi nusu. Hizo bastola mbili unene wake ni ule ule, yaani ukiichomeka kiunoni zinachukua nafasi sawa kabisa kwenye mkanda. Tofauti iko kwenye urefu wa mtutu na kwenye mpini. Ya 19 imekuwepo tangu 1988, mtutu wake una milimita 102 na magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, inaingia risasi 15, ya 26 ilikuja miaka ya tisini, mtutu milimita 87 na risasi 10. Sasa kinachomfanya mtu ajulikane amebeba silaha sana sana ni mpini, ule unaotokeza kwenye shati unapoinama kukagua gunia la dagaa, mtutu unazama ndani ya suruali hakuna anaeuona. Hapo ndo 26 inashinda, mpini wake ni mfupi kama sentimita 2 hivi.

Lakini ukishaishika utaona kidole kidogo hakina pa kukaa, na bastola ikifyatuka inaruka zaidi mkononi, alafu shabaha ya mbele na ya nyuma zimekaribiana kwa hiyo ukikosea kidogo kulenga risasi inaenda mbali na ulipotaka. Hili watu hawaambiwi dukani: bastola ndogo ni rahisi kubeba na ngumu kupiga. Mwenye uzoefu anaimudu, anaeanza inamtesa na baadae anaacha hata mazoezi.

Ushauri wangu kwako chukua 19, nunua mkanda mgumu wa maana na holsta (ala ya kubebea bastola) ya plastiki ngumu inayofunika triga yote, vaa shati la nje lililo pana. Ikijaa risasi inafika kama gramu 850, ukiwa na mkanda laini wa kawaida suruali itashuka upande mmoja na utashinda unaipandisha mbele ya watu, na hicho ndicho kinachokuuza kuliko ukubwa wa bastola yenyewe. Na kama mwili wako ni mwembamba kweli kweli, angalia Glock 43X ya 2019 au SIG P365 iliyotoka 2018, zote risasi 10 na ni nyembamba kuliko hizo mbili zako, P365 ina urefu wa milimita 147 tu. Nyembamba inajificha vizuri kuliko fupi, hilo mi nalisimamia.

Jingine kaka, hela za dagaa zipitishe benki au kwenye simu kadiri unavyoweza. Bastola ni ya kuokoa uhai wako, haikuwekwa pale kulinda begi, wakikuzunguka na mapanga wakasema toa hela we toa.

Mimi ni mama, nina uwakala wa kutuma na kutoa pesa Buhongwa, nafunga saa mbili usiku. Nimeambiwa wanawake tununue revolva ndogo tuweke kwenye mkoba. Ni kweli?

Dada yangu, hapana, na sijui nani alianzisha huo ushauri maana unarudiwa kila mahali. Revolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ndogo kama Smith & Wesson 642 ina risasi 5 za aina ya .38 Special, ni nyepesi, haizidi nusu kilo, na kwa sababu ni nyepesi inapiga teke baya sana kwenye kiganja. Triga yake inataka nguvu ya kilo tano na kuendelea, ya Glock ni kama nusu ya hapo. Mtu anaanza kujifunza na silaha ngumu kuliko zote, atapendaje mazoezi? Uzuri wake upo, haina mambo mengi, haikwami kirahisi na nyundo imefichwa ndani haishiki nguo, ila ni uzuri wa mtu alieshazoea.

Mkoba ndo unanisumbua zaidi. Kitu cha kwanza mwizi wa bodaboda anachovuta ni mkoba, kwa hiyo umempa mauzo na silaha juu. Alafu mkoba unauweka kwenye kiti, mtoto anakuja kutafuta pipi humo. Ibebe mwilini, na kabla hujanunua chochote omba ushike na upige aina tatu nne tofauti kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika, chini ya mtu anaejua. Ile ambayo unaweza kuvuta slaidi yake (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma) mpaka mwisho bila kuhangaika na kidole kinafika kwenye triga vizuri ndo yako, usijali imeandikwa jina gani.

Bro, nitembee imekokiwa au chemba tupu, yaani bila risasi mtutuni? Natumia Glock, naona haina kitufe cha sefti.

Mdogo wangu, Glock ina sefti tatu (vizuizi vya kufyatuka), moja iko kwenye triga yenyewe na mbili ziko ndani, zote zinaachia zenyewe ukibonyeza triga. Maana yake ikidondoka haifyatuki, lakini kitu chochote kikiingia kwenye triga, kidole, kamba ya koti, ncha ya shati, inafyatuka. Ndo maana holsta ya kitambaa inayolegea siitaki hata kuiona, na kuichomeka kiunoni bila holsta ni kujitafutia tundu la paja.

Kwa alie mgeni nasema chemba tupu. Utapoteza sekunde siku ya shida na utahitaji mikono miwili, najua, ila ajali za kujipiga mwenyewe ni za siku zote na shida hiyo inaweza isije kabisa. Ukishafanya mazoezi mengi, nyumbani bila risasi hata moja chumbani na kwenye uwanja ukiwa na risasi, ukawa unachomoa kidole kikiwa nje ya triga bila kufikiria, hapo uamue mwenyewe. Ukiona roho haitulii kuna bastola zenye sefti ya mkono, mfano CZ 75 Compact.

Tena usiwe na tabia ya kuingiza na kutoa risasi ile ile kwenye chemba kila asubuhi na jioni. Kichwa cha risasi kinasukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, presha inapanda siku ukiipiga. Zibadilishe badilishe na ziangalie, ukiona moja imekuwa fupi kuliko wenzake usiitumie tena.

Naishi Ukerewe, bastola inashika kutu wakati naifuta. Ni unyevu wa ziwa?

Unyevu unachangia, ila ziwa letu ni maji baridi halina chumvi, chumvi inatoka kwenye jasho lako. Upande unaogusana na tumbo ndo unaanza, sivyo? Vaa fulana ya ndani, futa kila jioni na kitambaa chenye mafuta ya silaha kidogo, na usisahau magazini na skrubu. Mafuta yasiguse risasi, yakiingia kwenye fataki, kile kitufe cha nyuma ya risasi kinachoiwasha, risasi inaweza kugoma. Na usiilaze ndani ya holsta ya ngozi, ngozi inatunza unyevu.

Naweza kwenda nayo baa nikae nayo tu bila kuigusa?

Hapana. Bia moja ikipangwa, bastola inabaki kwenye sefu nyumbani, imefungwa, funguo unayo wewe peke yako.

Shikamoo. Baba amefariki, tumekuta bastola ya zamani kwenye sanduku lake hapa Ilemela. Ndugu wanasema tuitunze kama kumbukumbu.

Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Leseni ilikuwa ya mzee, haihami kwa watoto pamoja na shamba na nyumba, kila siku inayokaa humo ndani ninyi ndo mnaoonekana mna silaha isiyo yenu. Msiivute, msijaribu kuangalia kama ina risasi, fungeni hicho chumba watoto wasiingie. Chukueni leseni yake kama ipo na cheti cha kifo, nendeni kituo cha polisi wawili hivi wa familia bila bastola yenyewe, elezeni, askari watakuja kuichukua na muombe maandishi kwamba wameipokea. Kama kuna mtoto anaitaka kweli, aombe leseni kwa jina lake.