Puer mbichi ya miti ya kale: usiihukumu kwa kikombe cha kwanza

Mkuu, umeuliza kama shemeji yako katapeliwa huko Guangzhou, kauziwa ya shambani badala ya miti ya kale, kwa kuwa puer aliyokuletea, chai ya Yunnan, China, majani matupu yasiyoshindiliwa, umeichemsha ikatoka chungu kama shubiri. Kwa hilo tu huwezi kujua. Puer mbichi yoyote, yaani isiyochachushwa kiwandani, ukiichemsha sufuriani itakutoa machozi, iwe ya mti wa kale au ya shambani.

Nimeishi Guangzhou, na soko la chai la Fangcun nimelizoea. Muuzaji anakukalisha na kukumiminia mpaka tumbo lijae. Fanya kama yeye: gramu 6 au 7 kwenye kibakuli chenye mfuniko cha mililita 100, maji yanayotokota, hesabu sekunde 10, mimina yote. Rudia kwa majani yaleyale.

Maji ya kwanza na ya pili hayasemi kitu. Hata ya shambani hunukia vizuri mwanzoni, pengine kuizidi ya mti wa kale. Subiri maji ya saba, ya nane. Ya shambani mara nyingi imeshachoka, umebaki ukakasi unaokausha ulimi. Ya mti mkubwa bado nzito mdomoni; uchungu unapiga kisha unapotea, mate yanajaa, halafu utamu unapanda kutoka kooni wakati kikombe umeshakiweka chini. Hicho ndicho watu wanachokilipia.

Sababu haina uchawi. Miti ya kale ya kule Yunnan, sehemu kama Xishuangbanna, iliota kwa mbegu, hivyo kila mmoja una tabia yake, na mingi iko kwenye kivuli cha msitu. Ya mashamba ya kisasa imepandwa kwa safu na kupogolewa iwe mifupi. Ajabu ni kwamba aina yenyewe, assamica, ndiyo iliyojaa Kericho pia. Ila yetu inasagwa na kuachwa igeuke nyeusi, yao inakaangwa kwenye karai, inafikichwa, inaanikwa juani.

Milima nayo haifanani. Bulang ni chungu kwelikweli, na kijiji chake cha Lao Banzhang kina bei ya matajiri. Yiwu ni laini na ya polepole. Aliyezoea chai ya rangi iliyokolea atasema ni maji matupu. Jingmai inanukia maua, na misitu yake ya chai iliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Mimi ni mtu wa Yiwu, sibishani na mtu.

Ile "miaka 800" kwenye pakiti ipuuze. Hakuna aliyehesabu umri wa mti huo, na sokoni kila mtu ana kipimo chake cha "kale". Faida ya majani matupu ni kwamba unayaona. Yakishalowa yafungue: yawe mazima, manene, yenye vikonyo imara. Yakiwa vipande vipande, hapo muulize shemeji alilipa shilingi ngapi.

Kuhusu kuyatunza: yasiposhindiliwa hewa inayafikia kirahisi, yanabadilika haraka na harufu yanaipoteza mapema kuliko kwenye zile duara zilizoshindiliwa za gramu 357. Kwa unyevu wa Dar, mtungi wenye mfuniko, juu kabatini, mbali na karafuu na iliki. Ukiona ukungu mwaga.

Jaribu tena bila sufuria, utupie picha ya majani yaliyolowa tuyaone.