Maswali ya Wasomaji: Muziki Unaovuma

Salaam mhariri. Kijana wangu aliniwekea albamu ya bendi ya Sunn O))) nikadhani amplifaya imeungua. Dakika kumi, noti ile ile! Nikitafuta "drone" mtandaoni naletewa ndege zisizo na rubani. Muziki huu mtu anaanzia wapi? — Msomaji, Tanga

Ndege zitaendelea kukuandama hadi utafute kwa jina la msanii. Droni ni muziki wa mvumo: sauti moja au chache hushikiliwa muda mrefu, na kinachobadilika ni rangi ya sauti. Usisubiri kiitikio, hakiji.

Sunn O))) ni mlango mgumu wa kuingilia. Wao wenyewe walianza kwa kuienzi bendi ya Earth, ambayo albamu yake ya 1993, *Earth 2*, ina vipande vitatu tu kwa dakika 73 hivi. Ziache zote mbili kwanza.

Anza na *Deep Listening* ya mwaka 1989: Pauline Oliveros na kodiani yake, Stuart Dempster na tromboni, na Panaiotis kwa sauti. Walirekodi ndani ya tangi la maji lililo chini ya ardhi huko Fort Worden, jimbo la Washington, ambamo mwangwi huchukua sekunde 45 kufifia. Shika pumzi moja ya tromboni uifuate mpaka iishe. Hutafika mwisho wake, maana kabla haijaisha nyingine imeshapanda juu yake, na huwezi tena kusema ipi inapigwa sasa na ipi ni mwangwi. Ukishaisikia hali hiyo mara moja, umeshaanza kusikiliza droni.

Kisha nenda kwa Éliane Radigue wa Ufaransa. *Trilogie de la Mort* ni karibu saa tatu za sinthesaiza moja, ARP 2500. Sikiliza kipande cha kwanza tu, *Kyema*, ambacho peke yake ni kama saa nzima. Ambienti ya giza, yaani muziki wa mvumo wenye hali ya kutisha, ifuate baadaye: *Heresy* ya mwanamuziki Lustmord (1990), iliyotumia sauti zilizorekodiwa mapangoni, migodini na kwenye vyumba vya makaburi.

Hiyo Lustmord kwenye simu yangu ni kimya kitupu hata nikiongeza sauti mpaka mwisho. Kwenye sabufa vioo vya dirisha vinalia, lakini kitini nilipokaa besi siisikii. Kifaa kibovu? — Msomaji, Mombasa

Kifaa ni kizima. Spika ya simu haiwezi kutoa noti ya hezi 55 (mitetemo 55 kwa sekunde), ni ndogo mno, na albamu hiyo inaishi huko chini. Usiongeze sauti kuitafuta: ikitokea sauti ya juu ghafla, masikio ndiyo yatakayolipa.

Sabufa ina kisa kingine. Wimbi la hezi 55 lina urefu wa mita 6 na kitu. Chumba cha mita 3 hubeba nusu yake, kwa hiyo besi hurundikana kwenye kuta mbili zinazotazamana na kufa katikati, pale hasa ulipoweka kiti. Kisogeze nusu mita kuelekea ukuta wa nyuma, sikiliza, kisha sogeza tena. Vioo vya dirisha vibane kwa karatasi iliyokunjwa.

Ukitumia hedifoni za kuziba sikio, zibonyeze kidogo kwa kidole. Besi ikiongezeka, mpira wake si saizi yako na sauti inavuja. Badilisha mpira, usinunue hedifoni mpya. Zima ikwalaiza, zima kucheza nyimbo bila mpangilio, na zima ile hali ya kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Noti mbili, hezi 55 na 55.5, zikivuma pamoja hupwita mara moja kila sekunde mbili. Mpwito huo mara nyingi ndio tukio zima la dakika tano, na ukikorogwa hakuna kilichobaki.

Programu ya muziki inanipa orodha za usingizi tu. Albamu za kweli nazipataje, bila kumaliza bando? — Msomaji, Nairobi

Programu huona sauti tulivu ikadhani umelala. Achana na aina ya muziki, fuata watu: soma majina ya wapigaji wa kila albamu iliyokugusa. Yule Dempster wa kwenye tangi yumo pia katika *Monoliths & Dimensions* ya Sunn O))) (2009), na msomaji wetu wa Tanga anaweza kuwarudia kwa mlango huo. Lebo, yaani kampuni zinazotoa albamu, nazo ni njia nzuri. Kwa ambienti ya giza pekua Cold Meat Industry ya Sweden, iliyoanza 1987, na kwa kazi za karibuni Cryo Chamber, ambayo huweka albamu nzima YouTube.

Kwenye Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, albamu nyingi husikilizwa zote kabla ya kununua, na baadhi unataja bei mwenyewe, hata sifuri. Ukipakua MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, saa moja ni kama MB 144. Ya kilobiti 128 ni MB 58, lakini usidanganyike nayo: mikia ya mwangwi huanza kutetemeka kama maji, na kwenye muziki huu mkia ndio nyama. Pakua mara moja kwa Wi-Fi, uache kurudia kwa bando.

Kuna wa kwetu? — Msomaji, Arusha

Yupo. KMRU, yaani Joseph Kamaru, Mkenya. Anza na *Peel* (2020), iliyotolewa na lebo ya Editions Mego ya Vienna: sauti za mazingira alizorekodi zimefunikwa na mvumo. Ifuate *Temporary Stored* (2022), aliyoitengeneza kutokana na rekodi za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Hiyo sikiliza kwa hedifoni, asubuhi, kabla mtaa haujaamka.