Vifungo 11 kwenye kitambaa kimoja

Mwaka wa kwanza nasomesha wanangu nyumbani nilikuwa na ratiba ukutani ambayo hata mwalimu mkuu angeionea wivu. Rangi nne, kila somo na rangi yake, na pale saa tano asubuhi nimeandika kwa herufi kubwa KAZI ZA MIKONO. Usiku wenzangu wamelala mi nimekaa na mkasi nakata vimaumbo, natengeneza sampuli ili kesho waione, nahesabu macho ya kubandika yawatoshe, naingia kulala saa sita macho yangu mwenyewe mekundu. Kesho yake kila mtu anapewa vipande vyake kwenye sahani, bandika sikio hapa, bandika mkia pale, dakika sita tu, "mama nimemaliza, kingine?" Kingine! Saa nzima na nusu ya usingizi wangu imeliwa kwa dakika sita, na vitu vyenyewe ukivipanga vinafanana vyote kama vimetoka kiwandani.

Kama na wewe uko hapo nilipokuwa, soma. Mi sio mtaalamu wa chochote, nina watoto watatu tu, mkubwa ana miaka 10, wa kati 7 na kitinda mimba ana 3, na ushauri wangu ni mmoja: punguza kuwaandalia, kaa nao mezani ufanye kazi YAKO. Sio kazi ya kujifanyisha ili wakuige, hapana, kazi yako kweli, ambayo usipoifanya itakusubiri.

Nilivyogundua ni kwa bahati. Shati la baba yao lilitoka kifungo na alikuwa analihitaji, basi siku hiyo nikaacha mambo ya ratiba nikakaa na sindano yangu. Huyu wa kati akaja akasimama karibu hadi ananipumulia mkononi. Sikumwambia kitu. Baada ya muda akauliza uzi unaingiaje kwenye kitundu kidogo vile, nikamwachia ajaribu, akalamba uzi, akakosa, akalamba tena, akapitisha. Akaomba kitambaa. Nikampa kipande cha shuka kuukuu na kopo la vifungo, nikamwonyesha mara moja tu unavyopita chini juu chini juu halafu unafunga fundo kwa nyuma. Alikaa pale hadi muda wa kula ukapita. Vifungo 11 kwenye kitambaa kimoja, vingine vimekaza hadi kitambaa kimejikunja, vingine vinaning'inia kama meno ya utotoni, na kimoja alikishona pamoja na gauni lake, tukakata. Alipomaliza akakitazama kwa mbali akasema haya ni macho, huyu ni zimwi lenye macho 11, akaenda kutafuta rangi ya kulichorea mdomo. Wakati mi kwenye sahani zangu nilikuwa nimeshawabandikia macho mawili mawili.

Tangu hapo nikabadilisha mambo, na ntasema yale tu ambayo kwetu yamedumu.

Kwanza vifaa. Usinunue vingi, kweli nakwambia, nilinunua mapambo ya kila aina na yamejaa vumbi. Vinavyotumika kwetu kila siku ni karatasi, penseli, rangi za maji, mikasi inayokata vizuri (mkasi butu ndo unaoumiza, kwa sababu mtoto anatumia nguvu unateleza), gundi, kamba, uzi na sindano zenye tundu kubwa, vibanio vya nguo na maboksi. Maboksi ndo mfalme. Cha muhimu ni kwamba vyote viko chini, mtoto anafikia bila kuniita. Ile ya "mama niletee" ikifika mara ishirini kwa siku ni lazima utasema hapana hata kwa kitu kizuri, maana umechoka.

Pili muda. Zamani kazi za mikono zilikuwa mwisho, kama zawadi ya kumaliza hesabu, matokeo yake hesabu inafanywa hovyo hovyo ili mtu awahi mkasi. Sasa hivi masomo ya kitabuni ni mafupi mafupi, halafu nafasi kubwa inabaki wazi. Kuna mwalimu mmoja Mwingereza, Charlotte Mason, aliishi kati ya 1842 na 1923, wengi wanaosomesha nyumbani wanamfuata hadi leo, yeye alishauri masomo ya watoto wadogo yasizidi kama dakika 20, mtoto aingie akiwa makini atoke kabla hajachoka. Nilipinga sana, nikasema dakika 20 hesabu gani hiyo. Nikajaribu kwa yule wa 7. Dakika 15 za hesabu kwa akili yote zinazaa kuliko dakika 50 anazozitumia kuchonga penseli.

Sasa ngoja niwape mfano wa kazi ambayo imetupa zaidi ya kitu chochote nilichowahi kununua: kutengeneza vitabu. Unachukua karatasi 5 za kawaida, unazikunja zote pamoja katikati, unatoboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mengine juu na chini. Sindano inaanzia NDANI kwenye tundu la kati inatokea nje, inaingia ndani kwa tundu la juu, inaruka la kati na kwenda kutokea nje kwa tundu la chini, halafu inarudi ndani kwa lile la kati. Sasa una ncha mbili za uzi ndani, hakikisha moja iko upande huu na nyingine upande ule wa uzi mrefu unaopita katikati, unafunga fundo, basi, una kitabu cha kurasa 20. Baada ya mara mbili mtoto wa 7 anafanya mwenyewe, ila kutoboa tunasaidiana.

Siku moja mkubwa akaamua kuandika namba za kurasa kabla ya kushona, karatasi zikiwa bado zimelegea, kitabu kikamponyoka mkononi karatasi zikatawanyika chini. Akaokota moja akakuta upande huu imeandikwa 20 na 1, akaigeuza 2 na 19. Akachanganyikiwa, akadhani amekosea, akataka kufuta. Nikanyamaza (kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko zote kwenye huu utaratibu, mdomo unawasha). Akaokota nyingine, 18 na 3, akaigeuza, 4 na 17. Akakaa chini kabisa sakafuni na zote tano. Baada ya muda nikasikia "mama! zote ni 21!" Ni kweli, ukijumlisha namba mbili zilizo upande mmoja wa karatasi ni 21 kila upande. Akaniuliza kitabu cha karatasi 6 itakuwa ngapi, nikamwambia sijui, kitengeneze. Itakuwa 25, nilijua, lakini ningemwambia ningemwibia. Wiki nzima alikuwa ananitengenezea vitabu na mdogo wake anachora ndani, na kujumlisha kwake kumekuwa kwepesi ajabu.

Sio kila kitu kinaenda hivyo. Ule unga wa chumvi kwa mfano, vikombe 2 vya unga, kikombe 1 cha chumvi laini, na maji kama kikombe 1 ila unamimina kidogo kidogo, unakanda hadi usinate mkononi. Tulifinyanga familia nzima, tukakausha kwenye oveni moto mdogo kama nyuzi 100 kwa masaa, wakapaka rangi wakapanga dirishani. Ikaja wiki ya mvua. Watu wote dirishani wakaanza kutoa jasho, halafu kulegea, halafu mimi nikakatika shingo, baba yao akaanguka kichwa kikafuata, kitinda mimba akalia kilio cha msiba. Sababu ni chumvi, inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo lazima upake vanishi pande zote hata chini, na vitu uvifanye vyembamba, visizidi nusu sentimita, vinene vinapasuka ndani bado vibichi. Wa kati hakulia, alichukua vipande viwili, kimoja akakipaka vanishi kimoja akakiacha, akaviweka bafuni akawa anaenda kuvibonyeza kila asubuhi kama daktari. Na kama una mbwa usimwachie ailambe wala aile, chumvi nyingi vile inaweza kumdhuru vibaya.

Wenye mtoto mdogo mtaniuliza, sasa huyo wa 3 anafanya nini wakati wenzake wana sindano? Anaharibu. Nasema ukweli. Nimejaribu kumwekea kona yake, hataki kona, anataka meza ya watu. Kilichosaidia ni kumpa kazi halisi ndani ya kazi ya wenzake: yeye ndo mshika kamba, yeye ndo mchanaji wa karatasi za kulowekwa (hii anaipenda kupita kiasi), yeye ndo mfuta meza. Maji na brashi kubwa anapaka ukuta wa nje, yanakauka anapaka tena, hajawahi kugundua kwamba haibaki rangi, au amegundua na hajali. Sindano na vifungo vinakaa juu akiwa macho peke yake, hapo sina mzaha, kifungo kinaingia kooni kirahisi sana.

Kuhusu kusifia: nilikuwa nasema "nzuriii" kabla hata sijaangalia, na wao wanajua. Mkubwa aliniambia siku moja, mama hukuangalia. Aibu. Siku hizi naangalia halafu nauliza, hapa ulifanyaje? au nasema tu ninachokiona, umetumia bluu nyingi hapa juu. Wanaeleza weee, na hayo maelezo nayaandika nyuma ya kazi pamoja na tarehe, kwa maneno yao wenyewe. Hii inasaidia mambo mawili. Moja, wanajifunza kusimulia kwa mpangilio bila kujua kuwa ni somo. Pili, unapata kumbukumbu, maana sehemu nyingi mzazi anatakiwa kuonyesha mtoto anaendeleaje. Sheria zenyewe hazifanani kabisa, Marekani kusomesha nyumbani ni halali majimbo yote 50 lakini masharti kila jimbo na yake, Ujerumani ni kama marufuku, kwa hiyo kabla hujamtoa mtoto shule jua sheria ya hapo ulipo inasemaje, usije ukafuata blogu ukaingia matatizoni, hata kama blogu yenyewe ni hii.

Na ndugu watakuuliza, "kwani kushona vifungo ndo shule?" Mwanzo nilikuwa najibu kwa hasira na hotuba ndefu. Siku hizi namwita mtoto amwonyeshe shangazi yake kitabu alichoshona, amweleze ile habari ya 21, mi naendelea na mambo yangu.

Tatizo ambalo sijalimaliza ni kujaa. Kila boksi ni nyumba ya mtu, kila karatasi ina mwenyewe. Nilikuwa natupa usiku kimya kimya hadi siku wa kati alipokuta zimwi lake la macho 11 kwenye pipa, chini ya maganda. Hakupiga kelele, alilitoa akalifuta akalala nalo. Bora angepiga kelele. Sasa tuna kamba moja ukutani yenye vibanio na boksi moja kwa kila mtu, likijaa mwenyewe ndo anachagua kinachotoka, na vitu vikubwa tunapiga picha kwanza. Inachukua muda na kuna machozi, lakini simtupii mtu tena.

Kuna siku pia hakuna kinachofanyika. Mkasi mmoja unagombaniwa wakati mingine mitatu ipo, mtu kamwagia mwenzie maji ya rangi, mi nimepandisha sauti hadi nimejishtukia. Siku hizo tunafunga meza tunatoka nje kutembea, kitabu tutasoma jioni, na siwezi kujifanya kwamba nakuwa mtulivu. Meza yenyewe haijawahi kuwa safi, chakula tunakula upande mmoja, upande wa pili kuna kitu kinakauka. Mume wangu alilalamika kama miezi miwili, halafu jumamosi moja nikamkuta kakaa hapo hapo na kipande cha mti na kisu kidogo, anachonga kijiko, wanawe wawili wamemzunguka wanampumulia mikononi. Kijiko kimetoka kimepinda. Ndicho tunachokorogea gundi.

Mi siku hizi nafuma, blanketi ambalo nimelianza tangu mwaka juzi. Naandika hivi huku kroshia iko mapajani na wa kati ananiuliza kwa mara ya tatu uzi wa kijani uko wapi, na nimegundua sasa hivi kwamba nimeukalia.