Shamba la urithi lisilo na hati

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Muheza, mkoani Tanga, madalali wanawashawishi majirani wauze mashamba ya michungwa yakatwe viwanja. Langu ni la urithi, halina hati, nitalilindaje?

JIBU: Ndugu msomaji, ikiwa shamba limo katika ardhi ya kijiji, iombe Halmashauri ya Kijiji hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na Serikali. Mipaka itahakikiwa mbele ya majirani, na hapo ndipo ugomvi wa kale hufufuka. Hata hivyo, hati yako haimzuii jirani kuuza. Kwa hilo wakulima mdai mpango wa matumizi ya ardhi, uliopitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaotenga eneo la kilimo.