Kemo ileile, mwenzake anapiga soga, yeye hajiwezi: yaliyonipata mimi

Dada uliyeuliza kwa nini mama kaishiwa nguvu wakati jirani yake wa kitanda, kwa dawa ileile ya saratani (kemo), anakula na kucheka: usikubali kuambiwa ni moyo mwepesi. Mimi niliambiwa hivyo, tena na ndugu zangu wa damu.

Nilianzishiwa vidonge vya kapesitabini, kemo ya kumeza, baada ya upasuaji wa utumbo mpana. Dozi ilipigiwa hesabu kwa urefu na uzito, kama ya kila mtu. Siku ya 5 ulimi ukaanza kuwaka. Siku ya 8 nilikuwa navuta maji kwa mrija kupitia pembe ya kushoto ya mdomo, ndiko pekee kulikobaki bila kidonda, na kuhara hakukatiki. Vidonge naendelea kumeza! Nilidhani kuacha ni kushindwa. Siku ya 11 homa ikapanda, chembe nyeupe za damu zikakutwa zimeshuka vibaya, nikalazwa.

Daktari aliyenipokea ndiye aliyetaja jeni ya DPYD. Kapesitabini ikishaingia mwilini hugeuka florourasili, ile wauguzi wanayoiita 5-FU, inayotolewa pia kwa dripu. Zaidi ya 80% ya 5-FU huvunjwa na kimeng'enya cha DPD, hasa kwenye ini, na DPYD ndiyo yenye maelekezo ya kukitengeneza. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Yangu moja ilikuwa na hitilafu, kwa hiyo dawa iliingia kwa kasi ya kawaida na kutoka kwa kusuasua. Mzani haulioni hilo.

Baada ya kupona nilirudishwa kwa nusu dozi, kisha ikapandishwa kidogo kidogo kwa kuangalia damu. Nikahofu kwamba nusu dozi ni nusu tiba. Sivyo: kwa asiyeivunja dawa haraka, nusu inaweza kufikisha damuni kiasi kilekile ambacho wengine wanakipata kwa dozi nzima. Mwenye nakala zote mbili mbovu hapaswi kupewa kabisa, inaweza kumuua.

Tangu 2020 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya inapendekeza kipimo cha DPD kabla ya kuanza. Ila majibu "safi" yasikulaze usingizi. Vipimo vingi hutafuta mabadiliko manne ya jeni hiyo yaliyojulikana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, wakati lipo lingine, Y186C, linaloonekana kwa wenye asili ya Afrika. Uliza wametafuta yapi.

Na si kila kemo ni DPYD. Irinotekani, kemo nyingine, inahusiana na jeni ya UGT1A1. Merkaptopurini, ya leukemia (saratani ya damu), na jeni za TPMT na NUDT15. Figo nazo, na dawa nyingine anazomeza, zina sehemu yake.

Kama mama ana homa au anahara mfululizo, msisubiri siku ya kliniki. Pigeni simu leo, muulizeni daktari kama asimamishe vidonge. Kwa 5-FU na kapesitabini ipo dawa ya kuokoa, uridini triasetati, lakini inatakiwa ianzwe ndani ya saa 96 tangu dozi ya mwisho, na haipatikani kila hospitali.

Angalia kadi yake, uniandikie hapa jina la dawa na siku aliyoanza.