Padre, kushuka makatakombe ya Roma si ni kuabudu mizimu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo Padre. Mimi na wenzangu wa jumuiya tunaenda hija Roma mwezi wa 11, kwenye ratiba kuna siku ya makatakombe, yale makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa zamani. Dada yangu kaokoka, ananiambia huko ni kwenda kwa mizimu, Biblia imekataza habari za wafu. Niende au nibaki hotelini?

JIBU: Milele na milele, amina. Nenda mama, usibaki hotelini.

Dada yako hajakosea kwamba Biblia imekataza, Kumbukumbu la Torati 18:11 ipo wazi, ila soma vizuri kinachokatazwa ni nini, ni kuwauliza wafu, yani kama wale wanaoenda kaburini kwa babu na pombe na kuku wakamuulize nani kaniroga na mbona biashara haiendi. Huko Roma hakuna anayeenda kuuliza kitu. Wakristo wa kwanza wenyewe hawakupaita mahali pa wafu, walipaita koimeterion, Kigiriki hicho, maana yake mahali pa kulala, kwa sababu aliyelala ataamshwa. Mtu anayeamini mizimu haiti kaburi kitanda.

Halafu tuondoe ile hadithi ya kwenye sinema kwamba walikua wanaishi mle chini wamejificha. Hapana jamani, nani aishi kwenye giza na maiti. Sheria ya Roma ilikataza kuzika ndani ya mji, basi watu wakazika nje kandokando ya barabara kama Via Appia, na chini pale kuna jiwe la volkano linaitwa tufo, laini kuchonga, wachimbaji wakawa wanachonga vichochoro na kwenye kuta makaburi yamepangana juu kwa juu kama shelfu, na Wayahudi wa Roma walikua nayo ya kwao hivyo hivyo. Makatakombe ya Mt. Kalisti peke yake vichochoro vyake vyote ni kama kilomita 20. Huyo Kalisti alikua shemasi aliyepewa kuyasimamia, baadaye akawa Papa.

Ila kusali walisali mle, na kuna waliolipia kwa uhai wao. Mwaka 257 Kaisari Valeriani akapiga marufuku Wakristo kukusanyika makaburini, Papa Sisto wa Pili akaendelea, tarehe 6 Agosti 258 akakamatwa humo humo makaburini akauawa pamoja na mashemasi wanne. Mt. Sipriani, askofu wa Karthago, kaiandika habari hiyo kwenye barua wakati ule ule. Sasa wewe unaenda kusimama hapo halafu unaambiwa ni mizimu!

Ukifika makatakombe ya Mt. Sebastiani utaona kuta zimekwaruzwa maandishi ya mahujaji wa zamani, Paulo na Petro mwombeeni fulani. Muonyeshe dada yako picha ukirudi. Hawakusema Petro nipe, walisema niombee, kama unavyomwambia jirani yako niombee mama anafanyiwa upasuaji kesho. (Picha za kununua lakini, maana humo ndani kupiga hawaruhusu.)

Papa Fransisko mwenyewe alisali Misa ya Marehemu Wote kwenye makatakombe ya Priscilla tarehe 2/11/2019, na akasema ndo mara yake ya kwanza kuingia katakombe maishani, Papa mzima, kwa hiyo usijione umechelewa. Na kwa sababu mnaenda Novemba: tarehe 1 hadi 8 ukitembelea makaburi kwa ibada ukawaombea marehemu unapata rehema kamili (yani kufutiwa adhabu yote ya dhambi zilizokwisha kusamehewa) kwa ajili ya roho za toharani, kwa masharti yale ya kawaida, kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usiong'ang'ania dhambi yoyote. Siku nyingine ni rehema isiyo kamili.

Bebeni sweta, chini kuna ubaridi hata kama juu jua linawaka, na msiachane na kiongozi maana Mt. Yeronimo, yule mtafsiri wa Biblia wa karne ya nne, aliyekua anashuka mle Jumapili na wenzake enzi za shule kasimulia giza lake lilivyomtisha. Kitu kimoja nakuomba sana mama, usichote udongo wala kibanzi cha jiwe ukaje nacho nyumbani kama kinga. Nimeshaona watu wanafanya hivyo na udongo wa mahali patakatifu, wanafunga kwenye kitambaa wanaweka chini ya mto. Ukifanya hivyo dada yako atakua na haki ya kukusema, na mimi nitakua upande wake.