Nilikosea wapi? Maswali kuhusu kasoro za kuzaliwa na mimba zinazopotea

Barua sita nilizozichagua safari hii zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini karibu zote zinauliza jambo lilelile: nilikosea wapi? Mara nyingi jibu la swali hilo limo ndani ya swali jingine ambalo mwandishi wa barua hakuliuliza, nalo ni hili: jambo lenyewe lilitokea lini? Kwa hiyo nitaomba radhi mapema kwa kuhesabu wiki kila mara.

Swali: Mimba yangu iliharibika ikiwa na wiki tisa. Siku mbili kabla ya kuanza kutokwa na damu tulikuwa tunahama nyumba, nami nilibeba mizigo mizito. Mama mkwe anasema nimemuua mjukuu wake. Je, ni kweli?

Si kweli, na kama hali ya nyumbani inaruhusu, ninakuomba umsomee mama jibu hili kwa heshima zote. Katika kila mimba 100 ambazo wanawake wanajua kuwa wanazo, kati ya 10 na 15 huharibika, na takriban nane katika kila kumi ya hizo huharibika kabla ya kutimiza wiki 12. Karibu nusu ya hizo za mapema hutokana na hitilafu katika idadi ya kromosomu, yaani nyuzi ndogo zinazobeba taarifa za urithi: yai na mbegu, ambavyo kila kimoja kilipaswa kuleta kromosomu 23, hukutana kimojawapo kikiwa na iliyozidi au iliyopungua, na kiumbe kinachotungwa hapo hakiwezi kuendelea kukua. Hitilafu hiyo huwapo tangu siku mimba inapotungwa, na mara nyingi ilikuwamo ndani ya yai hata kabla ya hapo. Hakuna mzigo unaoweza kuisababisha, wala mapumziko ya kitandani yanayoweza kuiondoa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Damu huja nyuma ya tukio. Mara nyingi mwanamke aliyeanza kutokwa na damu katika wiki ya tisa anapopimwa kwa ultrasaundi, huonekana kijusi chenye ukubwa wa wiki ya sita au ya saba, maana yake mapigo ya moyo yalikwisha kukoma siku nyingi kabla, huku mwili ukiwa bado haujaanza kuitoa mimba. Inawezekana kabisa kwamba ulipokuwa unabeba mizigo ile, lililotokea lilikwisha kutokea. Kazi za kawaida, safari, tendo la ndoa na ugomvi wa siku moja haviharibu mimba changa iliyo salama, na nashangaa jinsi orodha hiyo ya lawama inavyorudiwa kizazi baada ya kizazi bila mtu kuidai ushahidi.

Rudi kituoni upesi ikiwa damu inalowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, ikiwa una homa, au ikiwa uchafu unaotoka una harufu mbaya. Kama kundi lako la damu ni hasi (Rh hasi), uliza iwapo unahitaji sindano ya kinga dhidi ya mgongano wa damu ya mama na ya mtoto, kwa kuwa ina muda wake: hutolewa ndani ya saa 72 tangu damu kuanza kutoka. Vipimo vya kina havihitajiki baada ya mimba moja kuharibika. Hufaa zinapoharibika mbili au tatu, kwa sababu hapo huweza kugundulika tatizo linalotibika, kama vile ugonjwa wa antifosfolipidi, ambao huigandisha damu ovyo na hudhibitiwa kwa aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini.

Swali: Mtoto wetu amezaliwa na mgongo wazi. Nilianza kliniki mwezi wa nne na sikukosa hata kidonge kimoja nilichopewa. Kwa nini basi?

Kwa sababu vidonge vilifika baada ya mlango kufungwa, na mlango huo hukuonyeshwa na mtu yeyote. Uti wa mgongo na ubongo huanza kama utando bapa unaojikunja na kuwa mrija, na mrija huo hukamilika kuziba takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Kwa hesabu ya kliniki, ambayo huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hiyo ni wiki ya sita, yaani wakati ambapo mwanamke amechelewa kuona siku zake kwa wiki mbili tu na pengine bado anadhani ni uchovu. Mrija usipoziba upande wa chini, huwa mgongo wazi. Usipoziba upande wa juu, fuvu na ubongo havijengeki, na mtoto huyo hawezi kuishi.

Ndiyo maana asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, inapaswa kuanza angalau mwezi mmoja kabla ya mimba na kuendelea hadi wiki ya 12. Vidonge ulivyotumia kuanzia mwezi wa nne havikuwa vya bure, kwani vilikukinga na upungufu wa damu, lakini kwa mgongo wa mtoto vilikuwa vimechelewa.

Kwa mimba ijayo habari ni njema zaidi. Mwaka 1991 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza na nchi nyingine kadhaa, miongoni mwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo kama hili; waliotumia dozi kubwa ya miligramu 4 walipunguza uwezekano wa kulirudia kwa takriban asilimia 72. Wewe sasa umo katika kundi hilo, kwa hiyo mikrogramu 400 hazikutoshi, na dozi hiyo kubwa ni ya kuandikiwa na daktari.

Swali: Nina kifafa na ninatumia valproeti. Nimegundua nina ujauzito wa wiki tano, nimesoma kwamba dawa hiyo hudhuru mtoto, na tangu jana nimeacha. Nimefanya vizuri?

Hapana, na hili usingoje toleo lijalo la safu hii: mpigie daktari wako leo. Ulichosoma ni sahihi. Takriban mtoto mmoja katika kila kumi waliofikiwa na valproeti tumboni huzaliwa na kasoro kubwa ya mwili, na watatu hadi wanne katika kila kumi hupata matatizo ya ukuaji wa akili, kujifunza au mawasiliano. Lakini kuacha ghafla huweza kuleta degedege mfululizo, ambayo inaweza kuwaua mama na mtoto kwa siku moja. Daktari anaweza kubadilisha dawa au kurekebisha dozi kwa utaratibu. Mashauri haya yalipaswa kufanyika kabla ya mimba, na naona ni udhaifu wa wanaoandika dawa, si wa mgonjwa, kwamba mara nyingi hayafanyiki.

Umuhimu wa tarehe ulidhihirika kwa machungu katika mkasa wa thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikapendwa na wajawazito kwa kutuliza kichefuchefu, na kuondolewa sokoni mwishoni mwa 1961. Zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa na viungo vilivyofupika au kukosekana. Mama aliyeitumia kati ya takriban siku ya 20 na ya 36 baada ya kutunga mimba ndiye aliyekuwa hatarini zaidi. Majuma machache baadaye, kidonge kilekile hakikugusa mikono wala miguu ya mtoto. Wanaotumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, isotretinoini ya chunusi au dawa za shinikizo la damu ambazo majina yake huishia na "-pril" nao wazungumze na daktari kabla ya kupanga mtoto.

Swali: Mke wangu ana miaka 40 na ni mjamzito. Ndugu zangu wanasema akizaa mtoto mwenye ugonjwa wa Down itakuwa ni damu ya upande wa mke wangu. Ni ya kurithi?

Kwa kawaida sivyo, ndugu yangu. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba hali hiyo, ambayo huathiri ukuaji wa mwili na akili, hutokana na kromosomu ya 21 kuwa tatu badala ya mbili. Ziada hiyo hutokea kwa bahati yai au mbegu inapoundwa, na ni sehemu ndogo sana tu ya visa inayorithiwa, ambayo huweza kutoka kwa baba kama inavyoweza kutoka kwa mama. Uwezekano huongezeka na umri wa mama: ni kama mmoja kati ya 1,250 akiwa na miaka 25, mmoja kati ya 350 akiwa na miaka 35, na mmoja kati ya 100 akiwa na miaka 40. Geuza hesabu hiyo ya mwisho na utaona kwamba 99 hawana hali hiyo. Mkipewa kipimo cha awali, ulizeni kama kinakadiria tu au kinathibitisha. Kinachothibitisha ni kile cha kuchukua maji ya uzazi au kipande cha kondo, nacho hubeba hatari ndogo ya mimba kutoka.

Swali: Mtoto wetu alifia tumboni nikiwa na wiki 36. Hakuwa na kasoro yoyote. Kwa siku mbili alikuwa amepunguza kucheza, nikaambiwa watoto hutulia wakikaribia kuzaliwa. Sijui nimlilie vipi mtu ambaye hakuna aliyemwona.

Pole sana, mama. Nitakueleza kwanza kuhusu ulichoambiwa, kwa sababu kinaendelea kusemwa na kinaendelea kudhuru. Mtoto hapaswi kuacha kucheza anapokaribia kuzaliwa. Namna ya kucheza hubadilika nafasi inapopungua, mateke yakawa misukumo, lakini mtoto anayepunguza harakati huenda anahifadhi nguvu kwa kuwa kondo halimpi chakula na hewa ya kutosha, na anastahili kupimwa siku hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku. Siwezi kukuambia kwamba ungekwenda mapema angepona, maana kuna nyakati kondo hubanduka au mtoto hufariki kabla ya mtu yeyote kuwahi. Ninachoweza kusema ni kwamba wewe uliona, ukasema, na ukajibiwa vibaya.

Ulimwenguni kila mwaka watoto wapatao milioni mbili hufa tumboni au wakati wa uchungu baada ya wiki 28, na zaidi ya asilimia 40 hufa uchungu ukiwa umekwisha kuanza. Wengi wao, kama wako, wameumbika vizuri kabisa. Kinachowaua ni shinikizo la damu la mama, kisukari, maambukizi kama kaswende na malaria, au matatizo ya kondo na kitovu. Uliza kama kondo lilipelekwa maabara na omba majibu ya vipimo vyako kwa maandishi, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayoongoza ufuatiliaji wa mimba nyingine.

Na kuhusu kumlilia, mtu huyo ulimwona wewe, kwa wiki 36. Wapo wazazi waliomshika mtoto wao, wakampa jina na kuhifadhi alama ya unyayo wake, na wapo walioona wasingeweza. Wote walifanya sawa. Pengine hukuandaliwa kwa maziwa, ambayo hujaa siku ya pili au ya tatu kana kwamba hayakupata habari. Kama bado yanakusumbua, vaa sidiria inayoshika vizuri, tumia vitambaa vya baridi, usiyakamue zaidi ya kupunguza maumivu, na useme ikiwa titi limekuwa jekundu na una homa. Usingizi ukikosekana kwa wiki kadhaa, au ukiona huna sababu ya kuishi, hilo ni la kupelekwa kwa daktari kama vile ambavyo ungepeleka jeraha.

Swali: Mimba yetu ilitoka ikiwa na wiki kumi. Tusubiri muda gani kabla ya kujaribu tena?

Zamani ushauri ulikuwa miezi sita. Tafiti za baadaye hazikuona madhara kwa wanaoshika mimba mapema zaidi, kwa hiyo mimba ikiwa ilitoka bila matatizo, pimeni utayari wenu wenyewe. Baada ya mtoto kufia tumboni katika miezi ya mwisho, au baada ya upasuaji, hesabu ni nyingine na ifanywe na daktari.

Tumieni muda huo kupima sukari, shinikizo la damu na kaswende, na kuuliza kuhusu chanjo ya rubela, ugonjwa ambao mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliuhusisha na mtoto wa jicho kwa watoto ambao mama zao waliugua katika miezi ya mwanzo ya ujauzito. Chanjo hiyo haitolewi kwa mjamzito, na ukishachanjwa unangoja mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Vidonge vya asidi ya foliki havihitaji kungoja chochote. Anza navyo leo, hata kama mnapanga mtoto wa mwaka kesho.